Mjadala: Makaburi ya Gede yafunguliwe usiku kwa wanaotafuta mizimu?

Mleta mada, Malindi mjini
Wageni wakianza kuja, swali huwa lile lile: "Gede mnaweza kutupeleka usiku?" Wamesikia kuwa mji ule uliohamwa msituni bado una wenyewe, na kwamba atakayebeba jiwe lake atalaaniwa. Vijana wetu kadhaa wanaiona riziki hapo: lango lifunguliwe baada ya magharibi, taa chache, hadithi za kutisha, tiketi ya bei. Mimi napinga.

Pale wamelala watu. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Aliyemo aliswaliwa akazikwa karibu na msikiti wake, katika mji uliokuwa na visima, majumba ya matumbawe na vyombo vya Kichina. Hapa Malindi pia tuna makaburi ya nguzo, kando ya Msikiti wa Juma, ufukweni. Tuktuk zinapita kutwa na hakuna anayeuza vizuka pale. Kilichozidi Gede ni msitu tu, basi wafu wake wamegeuzwa mashetani.

Halafu kuna hili ambalo vijana hawalipimi. Hofu ndiyo iliyolinda mahali pale kabla ya walinzi wa serikali. Watu waliogopa kukata mti na kung'oa jiwe. Hofu inayouzwa kila Ijumaa usiku, watu wanacheka na kupiga picha, haitamzuia mtu tena.

Mwongoza watalii, Watamu
Kaka, ni rahisi kupinga ukiwa na mshahara. Na hadithi hizi hatukuzitunga sisi. James Kirkman, aliyechimbua Gede kuanzia 1948, aliandika mwenyewe kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu au mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki. Ikiwa mtaalamu kaandika hivyo, mimi nikiwaambia Waitaliano nina kosa gani? Mzimu unamleta mgeni hadi langoni. Akishaingia namwonyesha kisima kilichoongezwa kina, namweleza kuwa huenda maji kupungua ni moja ya mambo yaliyowahamisha wenyeji, pamoja na vita vya zama zile. Bila mzimu angebaki hotelini kwenye bwawa la kuogelea.

Mwalimu wa madrasa
Assalamu alaykum. Mleta mada, usifunge mlango wote. Kuzuru makaburi Mtume (s.a.w.) alikukataza mwanzo, kisha akakuruhusu kwa kuwa kunakumbusha akhera. Na usiku si hoja, maana yeye mwenyewe alitoka usiku akaenda Baqii, makaburini kwa Madina. Kilichokatazwa ni kuyakalia makaburi na kuyavunjia heshima. Mtu akiegemea nguzo ya kaburi apigwe picha, mchana au usiku, kwangu ni mamoja.

Mleta mada
Mwalimu, shukrani. Lakini Baqii alikwenda kuwaombea waliomo. Hawa wanakwenda kuona kama kuna atakayetokea.

Mkaazi wa Gede
Nyote mnasema kana kwamba Gede ni ua wa nyuma wa Malindi. Sisi Wagiriama ndio majirani wa msitu ule. Huo mlio wa mtoto anayelia usiku, unaowasisimua wageni, ni komba. Kila mtu kijijini anaujua. Ila nyanya yangu hakuniambia habari za komba. Aliniambia nisikate mti na nisipite pale ovyo, nami nilitii bila kuona mzimu hata mmoja.

Kaya, misitu mitakatifu ya sisi Wamijikenda, ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na kaya huingii bila wazee kukuruhusu. Gede imeingia orodha hiyo hiyo 2024. Mbona huku mnajadili bei kabla ya ruhusa?

Mtu wa Lamu
Nduu zangu, kwetu Takwa, kisiwani Manda, kuna kaburi la nguzo la karne ya 17. Watu wa Shela, ambao asili yao wanaihesabu huko, huvuka kwa mashua kwenda kuomba mvua. Watalii nao huja, ila mkono wa bahari unaopita mikokoni hauingiliki maji yakitoka, kwa hiyo saa za kutembea tumepangiwa na bahari, hatuna la kubishania. Sijasikia mtalii aliyelalamika kuwa hakutishwa. Nyinyi mna barabara mpaka langoni, ndiyo shida yenu.

Mwongoza watalii
Haya, nashuka bei. Usiku tuuze msitu: komba, popo, bundi, kwa tochi, tukizunguka nje ya ukuta wa mji. Makaburini iwe mchana tu, na asiyevaa kwa heshima apewe leso. Hadithi za mizimu nitazisimulia ndani ya gari tukiwa njiani, hapo sidhani kama naudhi marehemu yeyote. Wazee wa kijiji waulizwe, wapate na fungu lao.

Mkaazi wa Gede
Hapo umesema la maana. Sasa wazee wakisema hapana, kaka, utakubali au utatafuta wazee wengine?