Nani karuhusu maji ya dampo yamwagwe kwenye chemba zetu?

Wakuu, barua nimeandika hadi nimechoka, majibu hakuna, sasa naleta hapa. Sitaji mtaa wala kampuni, maana uzi utafutwa kabla hamjamaliza kuusoma.

Kuna boza linakuja usiku mtaani kwetu hapa Dar. Linasimama, utingo anafunua chemba ya majitaka, anaingiza mpira, wanamwaga. Na sio majitaka ya chooni. Ni yale maji meusi kama oili chafu yanayochuruzika chini ya lundo la dampo mvua ikishapenya kwenye taka. Dereva nimemuuliza, kajibu bila hata kuona haya: "Mzee wangu, si bomba la serikali? Limewekwa kwa ajili ya uchafu." Uvundo unapanda hadi kwenye masinki ya jikoni, watoto wanaamka wanakohoa.

Ofisini naambiwa "yanaenda kutibiwa mabwawani". Yanatibiwa na nini? Mabwawa ya kusafisha majitaka yanategemea bakteria, mwani na jua. Majitaka ya nyumbani huwa na amonia miligramu makumi kadhaa kwa lita. Maji ya dampo yanaweza kuvuka 1,000. Amonia kiasi hicho inaudhoofisha mwani, na ule weusi unazuia mwanga usishuke. Metali zenye sumu kama risasi na kadimi ndiyo kabisa, hakuna bakteria wa kuzila: zinakaa kwenye tope au zinatoka kama zilivyoingia. Mabwawa ya Vingunguti yanatiririsha Msimbazi, na bondeni kule watu wanamwagilia mchicha. Hao mabosi wa ofisini nao wanakula mchicha huo, ila hawaulizi umetoka wapi.

Msiniletee habari za "hata Ulaya wanafanya". Wanafanya kwa kibali chenye viwango, maji yanapimwa, na mara nyingi yanasafishwa kwanza palepale dampo. Sisi tumeiga bomba tu.

Na tabia hii haijaanza leo. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo, na Jaji Lugakingira akawapa haki, akaitaja Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wananchi wakaenda mahakamani tena mwaka 1991, wakashinda. Zikahamia Vingunguti. Kila walikopeleka waliwakuta watu wenye macho na pua, sasa wamegundua chini ya ardhi, usiku, ambako hakuna wa kuona.

Nataka kibali kibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na majibu ya maabara. Kama hakipo, boza likamatwe na mwenye dampo alipe, sio kumtoa kafara dereva peke yake.

Wanasheria mliomo humu, zile kesi za Tabata na Mtongani zinatusaidia kwa bomba kama zilivyosaidia kwa dampo? Tuko tayari kuchanga. Wale wa "si uhamie Masaki", piteni kimya.