Corolla 110 ya 1998: sili imetoboka, pinde za nyuma zimefura. Nijaze fila au nikate?

Nyamasaria110
Wadau, hamjambo. Nina Corolla 110 ya 1998, rangi ya fedha, na kila siku ni Kisumu hadi Ahero na kurudi. Injini haina neno, mwili ndio unaoliwa. Sili ya kushoto, ule ubavu wa chini ya milango, ina matundu 2, na moja linapitisha kidole gumba. Kwenye pinde za matairi ya nyuma rangi imefura malengelenge. Ukiyabonyeza yanapasuka na unga mwekundu unamwagika. Mvua ikinyesha, zulia la abiria wa mbele linalowa. Fundi wa kwanza anasema atajaza fila, ile pasti ya kusawazisha bati, na kupuliza rangi gari zima kwa siku 3. Wa pili anataka kukata na kuchomelea, wiki 2, na bei yake ni karibu mara mbili. Nimsikilize nani?

BodiKibuye
Msikilize wa pili. Fila ni ya kunyoosha sura ya bati, haikutengenezwa kuziba tundu. Ndani yake mna unga wa talki unaonyonya maji. Sili nayo ni kama bomba: unyevu uko ndani, kwa hiyo fila inaloweshwa kutoka nyuma huku nje inang'aa. Masika ikipita malengelenge yanarudi palepale, na safari hii tundu limepanuka. Tena 110 haina chesisi ya kujitegemea kama pikapu; sili ndiyo inayobeba, na jeki inakaa papo hapo. Ukiweka jeki bati likadidimia, hiyo si kazi ya urembo tena, ni usalama wa walio ndani.

Kabla ya kukata chochote, tafuta maji yanakoingilia, la sivyo utalipia bati jipya likalale kwenye kidimbwi kilekile. Ng'oa zulia, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira polepole, aanzie chini ya mlango akipanda hadi kioo cha mbele. Asianzie juu, maana maji yakishateremka hutajua yameingilia wapi. Mara nyingi utakuta nailoni iliyo nyuma ya ubao wa mlango imechanika, au majani yameziba mfereji ulio chini ya waipa. Pitisha waya pia kwenye vitundu vya kutolea maji chini ya milango na chini ya sili. Tope la murram likiganda humo hukaa na unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka.

Sasa kukata. Chokonoa kwa bisibisi kuzunguka tundu, na usishangae: tundu la kidole gumba kwa kawaida lina kutu ya upana wa kiganja nyuma yake. Fundi akate mpaka akutane na bati lisilo na alama, kisha aongeze sentimita 2 au 3. Kiraka kiwe bati la chuma tupu la geji 20, yaani karibu milimita 0.9, kwa sili hata geji 18 ni sawa. Kataa kabisa kipande cha mabati ya paa. Ni chembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, weldi nayo inajaa vitundu.

Kuchomelea kuwe kwa MIG, mashine ya umeme inayolisha waya yenyewe, waya wa milimita 0.6 au 0.8, na kuwe kwa nukta: nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, bati lipoe hadi uweze kuligusa, ndipo arudi katikati. Akivuta mstari mmoja mrefu bati litapinda kama jani la ndizi juu ya moto, na mpindo huo ndio utakaofichwa kwa fila nene. Kabla ya cheche ya kwanza betri ifunguliwe waya zote mbili, zulia na viti vitoke, mabomba ya petroli na breki yaliyo chini ya sakafu yasogezwe au yakingwe, na kizimamoto kiwe karibu.

Weldi ikisagwa, epoksi praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) juu ya chuma kikavu, na silanti, gundi ya kuziba, kwenye viungo. Fila inakuja baada ya hapo, isizidi milimita 3. Hadena yake, yaani dawa ya kuigandisha, ni gramu 2 kwa kila gramu 100 za fila. Mafundi wengi huongeza ili ikauke haraka, na matokeo yake ni madoa ya manjano yanayojitokeza juu ya rangi baadaye. Kwa joto la Kisumu, fila inaganda kwa dakika chache tu, kwa hiyo achanganye kidogo kidogo. Msasa 80, kisha 120, kisha 180, wote mkavu. Fila tupu isiguswe na maji.

SpreNakuru
Naongeza upande wa rangi. Muulize fundi kama ni NC (rangi ya nitroselulosi, hukauka thina ikivukiza) au 2K (rangi ya sehemu mbili, huganda kwa hadena). NC ni nafuu na inakauka upesi, lakini jua linaipausha na petroli ikimwagikia inaacha alama. Kwa gari unalotaka kukaa nalo, chukua 2K. Ila kwanza pima rangi iliyopo: lowesha kitambaa kwa thina ya NC, sugua mahali pa siri kama ndani ya kifuniko cha tangi. Kitambaa kikitoka na rangi, juu kuna NC, na ukipuliza 2K moja kwa moja itakunjamana. NC hiyo ikwanguliwe, au izibwe kwa epoksi iliyokauka vizuri.

Fedha ni rangi ngumu kuunganisha. Chembe zake hulala kulingana na presha ya hewa na umbali wa bunduki, hivyo kiraka cha katikati ya paneli kitaonekana hata kwa mbali. Rangi ififishwe kuelekea paneli ya jirani, klia, ile rangi angavu ya juu, ipigwe paneli nzima. Namba ya rangi iko kwenye kibati kilicho ukutani nyuma ya injini, mstari wa C/TR. Kwa Toyota 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, nawe utaona yako. Lakini jua la miaka 20 na zaidi limeibadilisha, kwa hiyo mpelekee mchanganyaji kile kifuniko cha tangi akilinganishe nacho nje, mwangani.

Kwa sili na pinde pande zote mbili, lita 1 ya epoksi, lita 1 ya praima ya kujaza, lita 1 ya rangi, na lita 1 ya klia pamoja na nusu lita ya hadena yake vinatosha. Klia nyingi ni 2 kwa 1, lakini fuata kopo. Praima isuguliwe kwa msasa 600 hadi 800 wa maji. Kompresa imwagwe maji kila asubuhi na iwe na chujio la unyevu; tone moja likipita utaona kitundu kwenye klia. Kwenu Kisumu pulizeni asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijajikusanya. Jioni taa zikiwaka wale wadudu wa ziwani watatua kwenye klia mbichi kwa mamia.

Na tafadhali, hadena ya 2K ina kemikali iitwayo isosianeti. Inaharibu mapafu na mtu anaweza kupata pumu ya kudumu. Kitambaa cha mdomo hakisaidii chochote. Barakoa ya hewa ya bomba ndiyo sahihi, na watoto wasiwe karibu.

Nyamasaria110
Asanteni sana. Huyo wa pili ana gesi tu, hana MIG. Na kwa zile pinde, dawa ya kutu haitoshi?

BodiKibuye
Gesi inawezekana kwa mkono mzuri, nozeli ndogo, vitambaa vyenye maji pembeni. Akiunganisha kwa shaba, ile dawa ya kuyeyushia ioshwe yote kwa maji moto na brashi ya waya, kwani ikibaki inainua rangi. Pinde zina mabati mawili yaliyokunjwa pamoja, kutu inaanzia ndani ya mkunjo, na asidi ya fosforiki haifiki huko. Dawa hiyo ni ya kutu ya juujuu tu, na hata hapo lazima isuuzwe na ikauke, maana epoksi haishiki juu ya asidi. Pinde zako kateni.

MamaProboxBusia
Usibadilishe rangi, kaka. Ukihama kutoka fedha, lazima logibuku irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, la sivyo utasumbuliwa barabarani. Na mkubaliane mapema kwamba utaona bati lililochomelewa kabla halijapakwa praima, ndipo ulipe sehemu ya pili. Ukienda kuchukua gari, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe kwenye sili polepole. Ikiteleza mahali, hapo kuna fila nene.

BodiKibuye
Sahihi kabisa, dada. Rangi ikishakomaa wiki 2 au 3, nyunyiza nta ya mashimo ndani ya sili kwa mrija mrefu mpaka ichuruzike kwenye vitundu vya chini, kisha uvizibue tena kwa waya.