Mbona tunawafukuza ombaomba kama mbwa?

Wakuu, habari za jioni. Asubuhi kwenye taa za barabarani za Fire, hapa Dar, huwa namwona mama kipofu anayeongozwa na bintiye, kama miaka minane hivi, sare ya shule imepauka. Leo kondakta wa daladala yetu kapiga bati kwa nguvu: "Toka hapa, mnatuletea nuksi!" Mtoto karuka pembeni, mama kabaki kanyoosha mkono hewani. Abiria wote kimya. Na mimi nilinyamaza, inaniuma mpaka saa hizi. Tumefikaje hapa?

*Jibu:*
Pole mkuu. Mimi mtoto simpi hela, ukimpa leo kesho harudi darasani. Namnunulia chapati na maziwa, ale nikimwona. Ila kumfokea, hapana!

*Jibu:*
Mwaka 2016 mkuu wa mkoa aliamuru waondoke mjini. Mbona bado wapo? Njaa haifukuzwi kwa amri. Halafu Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, ile ya Arusha, ilisema sheria za uzururaji zinavunja haki za binadamu. Sijui wangapi humu walisikia.

*Jibu:*
Ijumaa Kariakoo wenye maduka wanatafuta chenji kabisa ili wawape. Jumatatu haohao wanageuka nuksi?

*Mleta mada:*
Hilo la Ijumaa limenigusa. Kesho nashuka Fire, nimwamkie yule mama shikamoo kwanza, nimuulize mtoto anasoma wapi.