Maswali ya zilipendwa: miaka ya 90 ya kusini mbona haiulizwi?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili hili, hasa ninyi wa Mtwara na Lindi mliokuwa mmeshapata akili miaka ya 80.

Siku hizi huku kwetu hafla haiishi bila chemsha bongo ya mambo ya zamani, iwe usiku wa zilipendwa, sherehe ya ofisini au wanafunzi wa zamani wanapokutana. Jambo jema. Lakini yasikilizeni maswali yenyewe. Kituo gani cha televisheni kilitangulia Bara? Mtangazaji gani wa FM alikuwa na kipindi fulani cha rap? Disko gani la Dar lilijaa Ijumaa? Watu wazima waliokulia Majengo, Chikongola na Mikindani wanabaki kutazamana, anayejibu ni kijana aliyezaliwa juzi, majibu anayasoma kwenye simu.

Msimamo wangu ni huu: miaka ya 80 Watanzania tulikuwa na kumbukumbu moja. Miaka ya 90 zikawa mbili, ya Dar na ya sisi wengine. Kwa hiyo maswali ya miaka ya 90 yakiulizwa Mtwara, yawe ya maisha ya Mtwara.

Miaka ya 80 redio ilikuwa moja Bara nzima, RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam. Aliyekuwa Bukoba na aliyekuwa Nanyamba walicheka pamoja kwa Pwagu na Pwaguzi, watoto walimsubiri Debora Mwenda na Mama na Mwana, na mwenye mgonjwa alikaa kimya kusikiliza Ugua Pole. Ugomvi wa bendi za dansi, Msondo na Sikinde, haukuwa wa Dar peke yake. Kijana wa Tandahimba ambaye hajawahi kukanyaga Dar alikuwa na upande wake, na alikueleza kwamba Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA, ikawa JUWATA, jina likifuata chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa. Taifa Stars walipokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980, tulikwenda nao wote kwa masikio. Uliza swali lolote la namna hiyo hapa Mtwara, mikono itanyooka ukumbi mzima.

Kwangu mimi tukio la mwisho tulilolisikia pamoja ni la Novemba 1993, Simba na Stella ya Abidjan, fainali ya Kombe la CAF. Kule kwao 0-0, watu wakajua kombe limekuja, halafu Dar tukafungwa 2-0. Hata Yanga wa huku wanakumbuka walikuwa wamekaa wapi.

Mwaka uliofuata ikaja ITV, zikaja na redio za watu binafsi, nyingi zikaanzia Dar. Huku umeme ulikuwa wa mashine za dizeli, tena kwa wachache wa mjini. Barabara ya Kibiti hadi Lindi masika ilikuwa ikifunga, Rufiji mnavuka kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Gazeti la Jumatatu ukilipata Alhamisi unashukuru. Sasa mtu huyo unamuuliza tamthilia ya ITV ya mwaka 1996, unamuuliza nini? Muulize banda la video. Muulize disko vumbi. Muulize kaseti walizorudi nazo vijana wetu waliokuwa wakiuza nguo Kariakoo, msimu wa korosho ulipofika wakaja nyumbani na redio kaseti mpya begani. Miaka ya 90 kusini ililetwa na hao, haikuletwa na mnara.

Karibuni.

Mchangiaji kutoka Lindi

Mkuu, nimekusoma, lakini siungi mkono.

Kwanza, RTD haikufa 1994. Sisi Lindi tuliendelea nayo miaka yote ya 90, na Watanzania wengi wa vijijini walifanya hivyo hivyo. Sumbawanga hawakuwa na ITV, Kigoma hawakuwa nayo. Hayo unayoyaita ya kusini ni ya mikoa karibu yote, Dar ndiyo iliyokuwa peke yake. Pili, madishi yalifika. Kombe la Dunia la 1998, Ufaransa alipompiga Brazil 3-0, Lindi mjini tulilitazama kwa macho yetu, tumesongamana baa, wengine wamening'inia dirishani.

Tatu, na hili ndilo kubwa: chemsha bongo inataka jibu moja lisilo na ubishi. Stella 2, Simba 0, kwisha. Michael Jackson alifika Tanzania mwaka gani? 1992, kwisha. Ukiuliza banda la video la kwanza Mtwara lilikuwa la nani, utapata majibu kumi na ugomvi juu yake. Nani atakuwa mwamuzi?

Nina hofu nyingine pia. Tukianza kujitungia maswali yetu pembeni, tunakuwa tumekubali kwamba ya taifa si yetu. Mimi ya taifa ni yangu. Na timu yetu ya Kariakoo ya Lindi ilipokuwa inazikaribisha timu za Dar pale uwanja wa Ilulu, hilo lilikuwa la taifa vilevile.

Mchangiaji kutoka Newala

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mtu mzima kidogo kwenu, nataka kusema juu ya huo umoja wa miaka ya 80 mnaousifia.

Redio ilikuwa moja, sawa. Mabetri je? Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, na nyingi zilitoka huku kwetu. Ilipofika katikati ya miaka ya 80 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali yanaota msitu, bei haina maana, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Mkulima wa aina hiyo ananunua mabetri kwa nini? Tena hata fedha ukiwa nayo, duka la kijiji halina.

Kwa hiyo tulianika. Mabetri yakichoka unayatoa, unayapanga juu ya bati au juu ya jiwe lililopata jua kuanzia asubuhi, jioni unayarudisha. Yanakupa taarifa ya habari na labda nyimbo mbili, sauti inaanza kuzama. Mwenye redio alikuwa anachagua: leo nifungue habari au nifungue muziki? Mara nyingi alifungua matangazo ya vifo, maana simu hapakuwa na simu, na ndugu zetu walikuwa wametawanyika Tanga kwenye mkonge, Dar na Msumbiji. Muziki ulikuwa wa mwisho.

Mimi Sikinde niliwasikia, lakini vipande vipande. Tulichokuwa nacho kizima ni ngoma. Lipiko, yule mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, linapotoka, hilo halikuhitaji betri. Sindimba, ngoma yetu Wamakonde, ilichukuliwa na vikundi vya taifa, ikachezwa majukwaani hadi nje ya nchi, ikafundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza 1981. Mbona hamuulizi hata swali moja la sindimba katika hizo zilipendwa zenu? Au zilipendwa ni zile zenye gitaa tu?

Mchangiaji kutoka Masasi

Shikamoo mzee wa Newala. Umesema kweli tupu.

Nije kwenye mabanda, maana nimefanya kazi hiyo Masasi miaka ya 90, namwendeshea mtu. Mnaouliza ushahidi, ushahidi ni sisi. Banda lilikuwa makuti na magunia, mabenchi ya mbao, televisheni ya inchi 14 juu ya meza ndefu ili wa nyuma waione, deki ya video chini yake, jenereta nyuma ya ukuta. Nje ubao mweusi, unaandika kwa chaki: saa za kuanza, kiingilio, na jina la stelingi, yaani shujaa wa mkanda. Jina la mkanda hakuna aliyelijali. Ukiandika Bruce Lee, Rambo au Mithun, umemaliza.

Kanda zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi mno, zinafika Masasi picha imejaa chenga na rangi zimegeuka. Deki ikianza kukoroma unaifungua, unasafisha hedi kwa kitambaa chenye spiriti, abiria wangu wamekaa gizani wananisubiri. Nawaita abiria maana tulizoea kuwaita hivyo pale bandani. Mkanda wa Kihindi una urefu wa saa tatu, hauna tafsiri, na kina mama walikuwa wanalia pale pale panapotakiwa kulia. Mikanda ya Kizungu mimi ndiye nilikuwa natafsiri, nimesimama pembeni na fimbo. Kuna mkanda mmoja wa vita kipande cha mwisho kilifutwa, mtu alirekodia harusi juu yake. Tuliuonyesha hivyo hivyo mwaka mzima, na kila aliyeuona alikuwa na mwisho wake. Watu waligombana juu ya mwisho ambao hakuna aliyeuona, lakini wote walikubaliana kitu kimoja, stelingi hauawi.

Mleta mada, mimi niko upande wako. Hakuna mtu wa Dar anayeweza kutunga swali la hayo.

Mchangiaji mwingine, Mtwara

Kaka zangu, nimesoma tangu juu mpaka hapa, nimeona mpira, deki, bendi na redio. Wanawake tulikuwa wapi miaka hiyo?

Jenereta la banda lilikuwa likiwaka saa mbili usiku. Binti gani aliruhusiwa? Sisi miaka ya 90 ni mipasho, taarabu ya kurushiana maneno. Kikundi cha TOT kilianzishwa 1992, wapinzani wao Muungano walikuwepo kabla yake, na Khadija Kopa na Nasma Khamis waliponyukana kwa nyimbo, sisi tulinyukana nao. Kaseti moja ilizunguka mtaa mzima, inarudi kwa mwenyewe imechakaa. Mwenye neno na jirani yake alifungulia wimbo kwa sauti kubwa akiwa anafagia uwanja, na jirani alijua kabisa anaambiwa nani. Kanga nazo zilinunuliwa kwa jina kwanza, rangi baadaye. Vikundi hivyo vikizunguka mikoani, tulikuwa tunauza mpaka kuku tupate kiingilio.

Sasa hilo ni la Dar au la kusini? Kikundi ni cha Dar, wimbo ni wa Dar, lakini ugomvi ulikuwa wa uani kwetu. Ndiyo maana mgawanyo wa mleta mada mimi haunikai. Cha muhimu ni nani anayetunga maswali. Wakitunga wanaume watano, mtaulizana mabao mpaka alfajiri.

Mchangiaji, Mtwara, kizazi cha 2000

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao vijana wa simu. Siku moja nilishinda kwenye shindano la namna hiyo, na mambo ya ITV niliyajua kwa sababu yameandikwa, nikatafuta nikayapata. Leo nimetafuta banda la video Masasi, sijapata chochote. Nimetafuta muziki wa Mtwara miaka ya 90, nimepata kidogo mno. Haya ya mabetri kwenye bati ndiyo kwanza nayasoma hapa. Mkitunga maswali hayo sisi tutashindwa, na mimi niko tayari kushindwa. Ila andikeni basi.

Mleta mada, Mtwara mjini

Nimewasoma wote, nawajibu mmoja mmoja.

Kaka wa Lindi, nakubali kwamba Sumbawanga na Kigoma wako nasi. Hapo naipanua hoja: mikoa yote iliyokuwa nje ya Dar iulizwe maisha yake. Lakini sikubali kwamba swali la nyumbani linatutoa kwenye taifa. Simba na Stella ni jibu la taifa, tena lina wakala wa kulitunza kila mahali. La Masasi halina. Kuhusu mwamuzi, maswali yapo yenye jibu moja. Kabla ya daraja, basi la Dar lilivuka Rufiji wapi? Ndundu, hakuna ubishi. Yale yenye majibu kumi yasiwe ya pointi. Mpe mtu kipaza sauti asimulie, mwingine ampinge, na kijana wetu arekodi kwa simu.

Mzee wa Newala, shikamoo. Umoja niliousema ni wa waliokuwa na redio inayowaka, na uzito wa hilo la korosho naupokea kama ulivyo. Swali la sindimba litakuwepo.

Dada yangu, utunge wewe ya mipasho. Sijui mwanaume hapa mwenye haki ya kuyatunga.

Mchangiaji kutoka Lindi

Ndundu nakupa, hilo swali zuri. Bado nasema msipunguze ya taifa. Wekeni nusu kwa nusu, na la Kariakoo ya Lindi nalitaka lenye pointi.

Mchangiaji kutoka Newala

Mimi nusu kwa nusu naikataa. Ya taifa yanaulizwa kila siku kwenye redio na televisheni, hayawezi kupotea. Wenzangu walioendesha ngoma miaka ile ya 80 wengi wameshatangulia, na waliobaki hawafiki Mtwara mjini usiku. Kama kweli mnataka, hafla moja ifanyieni huku Newala, mchana, baada ya mavuno. Na huyo kijana aje na simu yenye chaji ya kutosha, maana wazee hawa wakianza hawakatiki.