Laptopu ya gemu inamaliza chaji saa mbili tu na wala sichezi gemu

kibodi_moto:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada hii kitu inaninyima raha. Nina laptopu ya gemu, kadi ya picha ya NVIDIA, skrini hezi 165 (yaani inajichora upya mara 165 kwa sekunde), betri imeandikwa Wh 80 (wati-saa). Mchana naitumia kwa kazi nyepesi tu, kuandika, kusoma PDF, braoza ina tabu kama kumi hivi na muziki kwa mbali. Nikichomoa chaja ikiwa imejaa, saa mbili tu hizo hapo nipo asilimia 10. Mwanga nimepunguza, taa za kibodi nimezima, modi ya kuokoa betri nimewasha, wapi. Na kinachonitisha zaidi ni pale juu ya kibodi karibu na kitufe cha kuwashia, panakuwa pa moto hadi nikiweka kidole nakitoa, na hapo naandika maneno matupu! Ina mwaka mmoja na miezi kadhaa. Betri ndo imekufa au?

mzee_wa_wati:
Mkuu usinunue betri kwanza, pima. Fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili ambalo unalifungua kwenye braoza. Angalia DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, ya kwanza ni uwezo iliotoka nao kiwandani, ya pili ni uliobaki leo. Halafu shuka chini sehemu ya Battery usage, inaonyesha umekula mWh ngapi kwa muda gani. Gawanya hizo mWh kwa 1000 upate Wh, kisha gawanya kwa masaa, hizo ndo wati zako. Kazi kama zako wati 10 mpaka 15 zinatosha, ukikuta 25 au 30 basi betri unaionea bure, kuna kitu kinaifyonza.

dada_draiva:
Hilo joto limeshasema lenyewe, GPU kubwa (GPU ni chipu ya kuchora picha za skrini) haijalala. Laptopu yako kwa vyovyote ina GPU mbili, ndogo imo ndani ya prosesa na kubwa ndo hiyo NVIDIA. Kwenye kazi nyepesi ndogo inachora kila kitu na kubwa inatakiwa izimike kabisa, sasa ikibaki macho hata kama haifanyi lolote inakula wati kumi na zaidi bure, na kwenye betri hiyo ni mingi sana ndugu yangu.

Anza na programu ya laptopu yenyewe, ile ya kubadilisha modi. Kama ina sehemu ya MUX (swichi ya kuchagua GPU ipi iendeshe skrini) na siku moja uliweka GPU kubwa peke yake ili gemu liende vizuri ukasahau kurudisha, tatizo ndo hilo, rudisha kwenye haibridi, yaani GPU zote mbili zisaidiane, uzime uwashe. Baada ya hapo fungua NVIDIA Control Panel, kwenye menyu ya Desktop utaona chaguo la kuonyesha ikoni ya GPU pale chini karibu na saa, liwashe. Ukibofya hiyo ikoni inakutajia programu zinazoishikilia. Mara nyingi ni wolpepa inayocheza, programu za kuchati, au duka la gemu linalojiwasha lenyewe kompyuta ikiwaka. Na kama huwa unachomeka monita, jua kwamba laptopu nyingi za gemu tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja na GPU kubwa, ukichomeka tu inaamka.

nyundo77:
Mbona mnamzungusha jamani, aingie Device Manager aidisebo (aizime) hiyo NVIDIA, imeisha.

dada_draiva:
Hapana kaka, tafadhali asifanye hivyo. Draiva, ile programu inayoiendesha GPU, ndo inayoiambia ilale, ukiidisebo kwenye laptopu nyingi inabaki na umeme wake bila wa kuilaza na unaweza kuishia kutumia wati nyingi kuliko mwanzo. Mimi yangu ilinifanyia hivyo hivyo, feni ikawa inazunguka nimekaa tu sigusi kitu.

mzee_wa_wati:
Naongezea, skrini ishushe hadi hezi 60 ukiwa kwenye betri, maandishi hayahitaji 165. Na kwenye mpango wa umeme weka Maximum processor state asilimia 99 upande wa betri, prosesa nyingi hapo zinaacha kujiboost (kujiongezea kasi) na kazi za kuandika hutaona tofauti. Ile ya kuchaji mwisho asilimia 80 ni nzuri kama laptopu inashinda kwenye chaja, ila inasaidia betri isichakae haraka, haikuongezei saa za leo.

kibodi_moto:
Nimerudi wakuu. Ripoti: mWh 80,000 za kiwandani zimebaki 68,000, kwa hiyo imechakaa kidogo ila haijafa. Matumizi yalikuwa wati 31!! MUX ilikuwa sawa, ila ile ikoni ikanitajia wolpepa inayocheza na duka la gemu. Nimetoa wolpepa, duka nimelizuia lisijiwashe, hezi 60, prosesa 99. Jana nimefanya kazi saa tatu mfululizo, nimepiga hesabu imekuja wati 13 na betri ilikuwa bado asilimia 42. Pale juu ya kibodi pamepoa kabisa, nimeweka mkono mzima. Asanteni sana, dada_draiva barikiwa. Leo nachomeka ile monita ya HDMI nione inapanda mpaka ngapi, nitaleta namba hapa hapa.