Mafundi watatu wa sola, bei tatu: nimpe kazi nani?

mwl_kuku (Mkuranga)
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu mstaafu, nafuga kuku wa nyama huku Mkuranga, na nina friza moja la kuhifadhia waliochinjwa. Umeme wa TANESCO ninao, lakini mwezi uliopita ulikatika Jumamosi saa tisa alasiri ukarudi Jumapili usiku. Kuku arobaini! Wengine niligawa kwa majirani, wengine nikawafukia nyuma ya banda, na mkwe wangu hadi leo ananipa pole ya msiba.

Nimeamua kuweka sola. Nataka ibebe friza (kibandiko cha nyuma kinasema wati 180), taa kumi, feni mbili, TV ya inchi 32, na pampu ya kisima ya hosipawa 1 ikiwezekana.

Wa kwanza ni kijana wa hapa mtaani aliyenifungia taa za banda. 3,200,000: inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya 3kVA, paneli tatu, betri mbili za jeli za 200Ah. Bei aliitaja kwenye simu hata salamu hazijaisha. Wa pili nimeunganishwa naye na duka moja la Kariakoo. 5,600,000: inveta ya 5kVA, paneli nne za wati 550, betri ya lithiamu ya volti 48, 100Ah. Anataka asilimia 80 mbele. Wa tatu ana kampuni, 7,400,000 kwa vifaa vilevile, makaratasi yana mhuri kila ukurasa, ila kwangu hajafika. Anasema nimtumie picha ya bati, inatosha.

Kiinua mgongo kimebaki kiduchu. Nimpe nani?

Chogo_Mweusi
Nunua jenereta mwalimu, achana na mambo ya mwanga wa jua.

mwl_kuku
Ninalo. Linakunywa petroli kama mlevi wa mshahara wa kwanza.

Kipanga wa Kigamboni
Shikamoo mwalimu, na pole kwa kuku. Mie si fundi, ni mtu niliyeunguziwa.

Mwaka 2022 nilimpa kazi jamaa mwenye fulana yenye nembo na maneno matamu. Akafunga paneli tatu kwa mstari mmoja, yaani moja imeungwa kwa nyingine, volti zinajumlishwa. Siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, jua limetoka kali baada ya mvua ya usiku, paneli bado zina ubaridi, inveta ikasema "pa!" ikanyamaza. Sebule nzima harufu ya plastiki iliyosahaulika jikoni. Nikaipeleka dukani. Muuzaji akaigeuza ubavu, akaweka kidole kwenye kibandiko: upande wa paneli mwisho volti 145. Nyuma ya kila paneli yangu imeandikwa volti 49.8 ikiwa haina mzigo. Zidisha mara tatu uone: 149.4. Na paneli ikiwa na ubaridi volti hupanda zaidi. Dhamana ikafia pale pale kaunta. Fundi nilipompigia akaniambia, "Bosi, tatu kwa mstari ndiyo kawaida."

Kwa hiyo kabla ya bei, mwambie kila mmoja akuandikie hesabu hiyo kwa mkono wake: volti za paneli, ngapi kwa mstari, na mwisho wa inveta. Ni kuzidisha kwa darasa la nne. Wewe utasahihisha.

Halafu muulize paneli zitatazama wapi. Sisi tuko kusini ya Ikweta, zinatakiwa zitazame kaskazini, na mteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi. Za kwangu aliziweka upande wa jikoni kwa sababu ndiko ngazi ilikofika.

juakali_umeme
Mimi ni fundi. Waombe leseni ya EWURA, wasimamizi wa nishati, uione kwa macho, siyo "ipo ofisini". Vishoka wamejaa sana kwenye sola kwa sababu mtu anadhani ni kuchomeka tu. Muulize pia breka za upande wa paneli ni za DC, yaani za umeme wa paneli na betri? Ukiona anaweka zile za kawaida za nyumbani, mshushe kwenye ngazi. Umeme wa paneli ukiachana huvuta cheche isiyokatika kirahisi, nyumba inaungua hivyo. Na kwa kuwa una TANESCO, akueleze umeme wa inveta utazuiwaje usirudi kwenye nguzo.

Betri za jeli: mbili za 200Ah ni kama uniti 4.8 za LUKU, lakini ukizinyonya kupita nusu kila usiku hazitadumu. Baki na 2.4. Friza kama lako hula uniti moja na nusu hadi mbili kwa siku. Ongeza feni na taa, umeme ukikatika kama ile Jumamosi yako, Jumapili hufiki mchana. Lithiamu ya wa pili ina karibu uniti 5, na nyingi unazitumia. Pampu iwashe mchana tu, kuwaka kwake huvuta mara kadhaa ya wati zake.

Asilimia 80 mbele usitoe. Nunua vifaa mwenyewe kwa risiti ya EFD yenye jina lako, fundi umlipe kazi.

Chausiku_K
Hapo kwa kununua mwenyewe sikubaliani. Mimi nilifanya hivyo. Betri ikagoma, fundi akasema duka limeniuzia bovu, duka likasema fundi ndiye mbovu. Miezi miwili mimi ni mpira wa kona.

juakali_umeme
Kweli dada. Basi fundi awepo dukani siku ya kununua, na aandike kuwa amevikagua na kuvikubali.

mwl_kuku
Marahaba Kipanga, na ahsanteni wote. Mrejesho.

Niliwatumia wote watatu swali la kuzidisha. Wa kampuni, katibu wake kajibu "tutawasiliana". Wa Kariakoo kanuna, ila kaandika: mbili kwa mstari, mistari miwili, volti 99.6. Nilipomuuliza upande, kasema jua ni jua tu.

Kijana wa mtaani alikiri hajui. Nikajua ndiyo basi. Kesho yake asubuhi kaja na aliyekuwa mwalimu wake wa chuo cha ufundi cha VETA, leseni mkononi, nimeisoma kwa miwani. Wamepanda juu ya bati, wameshuka, wakasema mwembe unatupa kivuli kuanzia saa tisa, na paneli moja ikipata kivuli huzivuta wenzake wa mstari huo. Kisha mwalimu akaniuliza: "Mama, friza unalifungua mara ngapi kwa siku?" Katika wote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Hesabu mpya imefika 5,900,000, kwa lithiamu. Jumamosi tunakwenda Kariakoo watatu. Mwembe sikati, paneli zitahamia juu ya banda la kuku.

Chogo_Mweusi
Na jenereta unauza bei gani?