Yule muuza waya wa Kariakoo kaniambia eti kuna SHABA NYEUPE!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule jamaa wa Kariakoo, mwenye kibao cha "mali ikishauzwa hairudi", simtaji, mnamjua, nusu ya jiji hili keshaliliza. Leo kaniambia mbele za watu kwamba kuna shaba nyeupe.

Shaba. Nyeupe.

Nilichukua kwake waya wa kuunganisha kompyuta za nyumbani, ganda limeandikwa Cat6, yaani daraja la waya wa mtandao, kwa herufi kubwa kama bango la mgombea. Nikafunga: moja sebuleni, moja chumbani kwa madogo, zote kwenye rauta ya gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde. Spidi? Megabiti 100 basi. Nikafungua kichwa, waya mmoja wa ndani umekatika kwa kuguswa tu! Nikakwangua kwa wembe: rangi ikabanduka, chini alumini tupu.

Nikarudi nao, nikamkwangulia palepale kaunta. Jamaa akautazama, akajifuta jasho, akasema: "Mzee, hiyo shaba nyeupe, ya baridi, ndo inakimbiza data." Wabeba mizigo wakacheka. Mama wa chai akacheka. Nahisi hata mwendokasi Msimbazi ilisimama abiria wacheke. Shaba ya baridi! Mtu mzima mimi, nina wajukuu!

Koleo la Kimara: Pole mkuu. Gigabiti inataka jozi zote nne, waya 8. Ukikatika mmoja ndo inashuka hadi 100. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, imejaa mjini. Siku nyingine nyanyua kwanza, alumini ni nyepesi.

Bi Mkubwa Mstaafu: Ya baridi! Hahaaa, nimemwaga chai kwenye kanga.

Mjuaji Namba Moja: Kwanza Cat6 ya nini? Cat5e, daraja la chini yake, ya shaba halisi inapitisha gigabiti 1 hadi mita 100. Sebule yako ina mita 100? Unaishi uwanja wa ndege?

Mleta uzi: Umesoma uzi wewe? Sijaja kuuliza Cat5e. Nimeambiwa SHABA NYEUPE na watu wamecheka.

Koleo la Kimara: Ila uliunga kwa mpangilio gani? Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu...

Mleta uzi: Huo huo, unaoitwa B, pande zote mbili! Usinigeuzie kibao.

Mjuaji Namba Moja: Mzee ana hasira huyu, apewe maji. Ya baridi.

Pweza wa Feri: Bora wewe. Mimi niliuziwa waya wa simu, wa nyaya 4, kichwa kinacheza ndani ya tundu. Namuuliza muuzaji, ananijibu "utazoea".

Mama Wawili Temeke: Hao wote baba mmoja na wauza mchele. Gunia limeandikwa Kyela, ukipika haunukii hata kwa bahati mbaya.

Pweza wa Feri: Kyela ya Dar ni jina tu dada.

Mtoto wa Kyela: Msituchafulie mchele. Semeni kwanza mlinunua bei gani.

Mama Wawili Temeke: Bei ya Kyela kabisa! Ndo kinachoniuma.

Mleta uzi: Jamani, waya?

Mtoto wa Kyela: Subiri mkuu. Dada, ulikuwa na chenga au mzima?

Bi Mkubwa Mstaafu: Chenga mnazilalamikia? Mmeshauziwa nazi koroma nyinyi?